Mtaitwa

Haya yalimpata Mugendi, tuliyesoma naye, na mpaka leo ukiyataja anaondoka. Mwaka wa 1996 alikuwa akiunganisha kompyuta za ofisi ya ushirika wa chai kule Kibugu. Makarani walimchosha kwa kuuliza kama lori la majani limefika, basi akatunga programu.

"Wacheni kuniuliza," aliwaambia. "Kila mtu ajiandikishe kwa mashine yake. Lori ikifika, mtaitwa."

Wa kwanza kujiandikisha alikuwa mzee Gichovi, aliyechapa kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Wiki hiyohiyo akafa. Mugendi akachomoa mashine yake na kuifungia stoo, lakini programu haikuwa na njia ya kumwondoa mtu. Hilo alilisahau.

Alasiri ya kuijaribu, ukungu ulishuka kutoka msituni ukaleta giza ofisini. Mugendi akatuma wito. Makarani watatu wakabonyeza kujibu. Majibu yakaingia manne.

"Wa nne ni Gichovi," Wamuyu, mmoja wa makarani, akanong'ona. "Na mashine yake si wewe ulichomoa?"

Mugendi alikuwa ameukalia waya wa mashine hiyo. Ila nyuma ya mlango wa stoo kitu kilikuwa kikilia, ti, ti, ti, mlio uleule wa kuita watu.

Akaifungua faili yenye orodha, akalifuta mwenyewe jina la Gichovi. Kimya. Kisha, mahali palepale, herufi zikaanza kujiandika, moja moja, polepole, mpaka likatimia: MUGENDI.

Kule stoo, mlio ukaanza tena.