Mahindi ya Sanduku la Pili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Gunhild Lunde alikuwa na kazi tatu: kukusanya mayai, kuingiza kuni na, tangu Machi ilipoanza, kunyunyizia maji ya uvuguvugu sanduku la mbegu. Mbili za kwanza alizifanya akinung'unika. Ya tatu aliifanya kwa maringo, maana baba yake, Torkel, hakuwa mtu wa kumkabidhi yeyote kazi yake.

Mwaka uliotangulia, hapa kwetu Iowa, jalidi, ile baridi inayogandisha mimea, iliwahi kuanguka mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Kwa macho yalipendeza, manjano tupu. Ndani mengi yalikuwa yamekufa, na hindi lililokufa halivai nguo nyeusi likajulikana. Ndiyo sababu Torkel alitengeneza masanduku mawili, akayajaza vumbi la mbao lililoloweshwa, akatandika juu yake kitambaa kilichochorwa vyumba vyenye namba. Katika kila chumba aliweka punje sita za hindi moja, akazifunika kwa kitambaa kingine, kisha akayapanga mahindi yenyewe darini kwa namba zile zile. Punje zikiota baada ya siku nane, hindi lake ni la kupanda. Zisipoota, ni la nguruwe.

Sanduku kubwa, la mahindi mia moja, alilisimamia mwenyewe. Dogo, la mahindi arobaini, lililoanza siku tatu baadaye, akamwachia Gunhild.

"Likae hapa ndani, nyuma ya jiko la kuni, penye joto," alimwambia. "Likipigwa na baridi, basi tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba. Mimi si mtoto."

Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Jumamosi wazazi wake walikwenda mjini kuuza siagi, na rafiki yake Signe Brekke, wa shamba la jirani, akaja kucheza. Mahali pazuri pa kuchezea palikuwa nyuma ya jiko, na wanasesere wao wa karatasi walihitaji nyumba.

"Hilo sanduku lako limejikalia kama mfalme," Signe alisema. "Au mwenye nyumba analiogopa?"

"Nani anaogopa? Shika upande huo!"

Wakalibeba mpaka barazani, kwenye theluji. Wanasesere wakajengewa nyumba, wakaolewa, wakaandaa karamu. Signe alipokwenda zake jua likikaribia kuzama, ndipo Gunhild akakumbuka. Vumbi la mbao lilikuwa limeganda, gumu kama tofali. Alilikokota sanduku na kulirudisha nyuma ya jiko upesi, na wazazi waliporudi hakusema neno.

Kufikia Jumanne punje zake zilikuwa zimelainika na kuanza kunuka. Siku hiyo hiyo sanduku la baba yake likakamilika. Mahindi thelathini na manane kati ya mia yalikuwa yamekufa, na punje zilizoota zikamwagwa kwenye ndoo ya kuku. Gunhild aliitazama ile ndoo kwa muda mrefu. Kisha akaokota punje zilizo hai, sita sita, akazipanga katika vyumba vyote arobaini mahali pa zile zilizooza. Kuku hawakulalamika.

Ijumaa Torkel alifunua kitambaa, akahesabu, akahesabu tena, akavua kofia.

"Arobaini kwa arobaini! Ragna, njoo uone kazi ya binti yako!"

Mama yake akamkatia kipande kinene cha mkate, akakipaka jamu mpaka pembeni. Gunhild alikila kwa shida. Alijifariji kwamba shamba ni kubwa, na mashina machache yasipoota nani atajua?

Kesho yake alikuja Bwana Brekke, baba yake Signe. Alikaa jikoni bila kuvua koti.

"Torkel, mbegu zangu zimekwisha. Nimejaribu mahindi sitini, yameota manne. Mke wangu ananiambia nipande vifungo vya koti, huenda vikaota."

"Mkeo ana akili kuliko wewe," Torkel alicheka.

Brekke alicheka pia, lakini kidogo tu. "Mwaka jana shamba lilinigomea. Likinigomea tena, tunauza tuhamie Chicago kwa shemeji. Signe bado hajui."

Torkel alipanda darini, akashuka na kikapu. "Haya ni mahindi ya sanduku la pili, yote arobaini. Hakuna hata moja lililokufa. Yachukue."

Brekke alimshika mkono kwa shukrani. Wakavuta gunia katikati, kila mmoja akashika hindi lake ili wapukuchue. Punje zikishachanganyika guniani, hakuna binadamu anayeweza kutenga nzima na iliyokufa. Gunhild, aliyekuwa kando ya jiko, alilijua hilo.

"Baba, msipukuchue!"

Akaeleza yote, kuanzia barazani mpaka ndoo ya kuku. Brekke akarudisha hindi lake kikapuni taratibu.

"Kumbe na Signe wangu alikuwepo?"

"Kubeba tulibeba wote. Punje nilizipanga mimi peke yangu."

Torkel akamgeukia jirani yake. "Kupanda ni Mei. Tunao muda. Tutapima upya."

Jioni ile Signe aliitwa, naye na Gunhild wakapiga magoti sakafuni, wakahesabu punje mia mbili na arobaini. Safari hii Signe hakutania. Baada ya siku nane mahindi kumi na saba yalionekana yamekufa. Moja lilikuwa namba saba, refu na zuri kuliko yote, ambalo Gunhild angeapa kuwa ni zima. Brekke alichukua ishirini na matatu yaliyo hai, na Torkel akamjazia pengo kwa kumi na saba ya sanduku lake.

Brekke alipoondoka, Torkel alilishika lile namba saba.

"Hili limekufa, mwanangu, lakini halikunidanganya. Nililiuliza, likanijibu kweli. Sanduku likiganda tunapoteza siku nane. Sanduku likisema uongo, jirani anapoteza shamba. Kosa lisemwe likiwa bado dogo. Kulificha ndiko kunakolikuza."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe." Akalitupa hindi kwenye ndoo ya nguruwe. "Kesho tunaanza sanduku la tatu. Utalisimamia wewe."

Gunhild alidhani hakusikia vizuri. "Mimi tena?"

"Nimwachie nani? Likiganda, najua utakuja kuniambia."