Aliyerudi Kutoka Dimbwi la Juu

Shati lilirudi halina jasho. Fundi cherehani alilinusa mara ya pili kabla ya kulitia kwenye beseni, akadhani pua yake imechoka. Mumewe alikuwa mwongoza wageni kwenye njia ya kijito, mtu wa kupanda na kushuka mawe kutwa nzima akiwapeleka watu kuogelea chini ya maporomoko, na miaka yote nguo zake zilirudi zikinuka kama beberu. Siku hiyo shati lilinuka ukoga, kama jiwe lililoinuliwa kutoka chini ya maji.

Mume naye alikuwa amebadilika, lakini mke gani angelalamikia mabadiliko yale? Aliosha vyombo bila kuombwa. Alimbeba binti yao mgongoni mpaka mtoto akasinzia. Ila mke alipolaza sikio kifuani pake, mahali pa mapigo ya moyo alisikia maji yakipita kwa mbali, chururu, chururu.

Tangu hapo hakutulia. Alishona, akafumua, akashona tena palepale. Alisimama kwenda mlangoni, akasahau alichokifuata. Mwisho akafunga cherehani mchana kweupe, akampeleka binti kwa shangazi yake mume, mama mtu mzima aliyewatibu watu kwa dua na mizizi, akamweleza yote. Shangazi alimsikiliza, kisha akamwambia aende akasikilize dimbwi la juu, na akiitwa asiitike.

Akapanda. Kwenye dimbwi la kwanza wageni walikuwa wakirukaruka majini na kucheka, na kwenye la pili palikuwa na wawili tu wakianika nguo juu ya mwamba, lakini baada ya hapo njia ikabana, miti ikafumbata anga, ndege wakanyamaza mmoja baada ya mwingine kana kwamba kuna mtu anapita akiwaziba midomo, na kila alipogeuka aliona majani yakitikisika nyuma yake ilhali upepo haukuwepo. Akafika. Maporomoko yalikuwa yakishuka kama pazia, na nyuma ya pazia hilo sauti ya mumewe, imechoka, imepauka, ikamwita.

"Mke wangu. Nani anavaa mashati yangu?"

Hakuitika. Alishuka mbio, goti likachubuka, hata asijue.

Shangazi alisema jini wa maji hafukuzwi nyumbani. Lazima arudi alikotoka kwa miguu yake mwenyewe. Basi asubuhi iliyofuata mke akamwomba yule mume wa nyumbani waende kuogelea, wawili tu. Njiani mume huyo alimshika mkono vizuri kwenye mawe ya utelezi. Lakini kila kona alisimama, akageuka, akauliza kama si afadhali warudi. Shangazi alikuwa ametangulia, amejibanza nyuma ya mwamba, anasoma dua chini kwa chini.

Mke akaingia majini mpaka kifuani. Mwenzake akabaki ukingoni.

"Toka, turudi," alisema taratibu. "Sitakuuliza kitu. Kwani nimekukosea nini?"

Hakuwa amemkosea lolote, na hilo ndilo lililomtisha mke kuliko yote. Akafumba macho, akajiachia azame.

Akasikia mtu akijitosa nyuma yake. Kisha kule chini, gizani, mikono miwili tofauti ikamshika, huu kulia na huu kushoto, vidole vilevile, makovu yaleyale. Mmoja ulimvuta juu kwenye mwanga, kwa nguvu na kwa upole. Mwingine ulimng'ang'ania kama jiwe la kusagia, ukimzamisha. Pumzi ikimwisha akakumbuka kwamba mtu anayezama kweli haokoi mwenzake. Akaupiga teke mkono uliomwokoa, akaukumbatia ule uliokuwa ukimuua, na mkono wake uliobaki ukapapasa mpaka ukaipata kamba ya waogeleaji iliyofungwa kwenye mwamba.

Shangazi aliwavuta. Mume alilala juu ya mwamba akitapika maji, ngozi imekunjamana mwili mzima. Nyuma yao dimbwi likachemka mara moja, likatulia.

Alipopona hakukanyaga tena njia ile. Alipata kazi kwa fundi seremala, akarudia tabia zake, sahani akiziacha pale alipokula. Mke alimshukuru Mungu, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku moja alasiri, mume akiwa kazini, binti alikuja akasimama kando ya mama yake.

"Mama, yule baba mwingine anauliza kama bado umemkasirikia."

Mguu wa mama ukaganda juu ya kanyagio. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, anauliza kutoka wapi.

Mtoto akanyoosha kidole kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

Mama akainuka aimwage. Na Mungu amsamehe, kabla hajaimwaga, aliinama kwanza akasikiliza.