Nilimfuta Mke Wangu Kwenye Orodha ya Wapiga Kura

Mwaka 2024 nilikuwa na miaka sitini na mbili, na nilidhani shida zangu zote nilishazimaliza ujanani. Kumbe ile kubwa ilikuwa bado iko njiani...

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi hapa Tunduma. Sikurithi kitu kwa mtu. Nilianza kwa kubeba magunia Mlowo, nikilala juu ya magunia hayohayo, baadaye nikawa nanunua debe mbili tatu Hasamba na kuzisukuma kwa baiskeli. Waliokuwa wakinicheka wakati ule, wengine leo nimewaajiri. Shule niliishia darasa la pili. Barua hii nasema mimi, anaandika binti yangu Tumaini. Nimemwambia asinipambe, akanijibu kwamba hana mpango huo.

Mke wangu, Mama Tumaini, ndiye aliyekuwa macho yangu. Alisoma mpaka darasa la saba. Kila karatasi iliyoingia nyumbani, ya shamba, ya benki, ya kiwanja, alinisomea kwanza, kisha akasema weka sahihi au usiweke. Hata sahihi yenyewe alinifundisha yeye, kwa kipande cha mkaa juu ya sakafu. Nje ya nyumba yetu hakuna aliyejua kwamba sijui kusoma. Nilikuwa navaa miwani, nakunja uso, natikisa kichwa, na watu wanasema mzee Siame ni msomi wa zamani. Siri hiyo aliitunza miaka thelathini na mitatu.

Alizaliwa kliniki ya ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na kwao. Ni akina mama wangapi wa mpakani wamefanya hivyo? Lakini baba yake alikuwa mtu wa upande huu. Nilimfahamu. Ng'ombe wangu wa mahari aliwapokea Momba, si Zambia. Na mke wangu alipiga kura katika kila uchaguzi, kuliko hata mimi, maana kuna miaka nilikuwa shambani.

Basi ukafika uchaguzi wa serikali za mitaa. Mtaa wetu ulichafuka. Sisi wa chama chetu tuliwatuhumu wale wa chama pinzani kwamba wanaleta watu kwa bajaji kutoka Mlowo wajiandikishe kwetu. Wao walitutuhumu sisi kwamba tumeandikisha marehemu. Na niseme ukweli, maana sina tena wa kumwogopa: wote tulikuwa tunasema kweli. Mimi mwenyewe niliona bajaji zao. Na majina ya marehemu niliyasikia yakitajwa kwenye kikao chetu, watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Mgombea wetu wa uenyekiti alikuwa Lusekelo, kijana mwenye diploma, ulimi laini kama mafuta ya nazi. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya chama. Halafu nikasikia mke wangu ameonekana kwenye mkutano wa wale!

"Mke wa mjumbe unakwenda kukaa na wale?" nikamuuliza.

"Nilikaa kwenye kiti nilichobeba mwenyewe, Baba Tumaini," akasema, huku akichambua maharage. "Walizungumza habari ya maji. Chama chako kimezungumza habari gani?"

"Chama changu?"

"Si changu. Mimi nina ndoo tu."

Nikamnunia. Wiki nzima chakula nilikula ghalani. Nilijiona mwanaume...

Katika wiki hiyohiyo Lusekelo akanifuata ghalani na fomu ya pingamizi na orodha ya majina.

"Mzee wetu, tumewabaini," akasema. "Wazambia kumi na tisa wamejiandikisha kwenye mtaa wetu. Tunataka mtu mzito aweke sahihi. Nikiweka mimi watasema nakimbilia kiti. Ila kagua kwanza, mzee. Usije ukasema hukuona."

Nikavaa miwani. Nikashusha kidole kutoka jina la kwanza mpaka la mwisho, taratibu. Pale kati nikasimama kidogo, nikaguna, ili aone kwamba nasoma kweli.

"Imekaa vizuri," nikasema. Nikaweka sahihi.

Ningeweza kumwambia aiache mpaka kesho. Ningeipeleka nyumbani. Lakini nyumbani nilikuwa nimenuna, na karatasi ilikuwa ya siri ya chama. Hivyo katika maisha yangu yote, hiyo ndiyo karatasi pekee ambayo mke wangu hakunisomea.

Siku ya pili mgambo akamletea mke wangu wito. Akausoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akaja kwangu. Ugomvi wetu aliuweka pembeni.

"Kuna mtu amesema mimi si raia," akasema. "Nisindikize. Wewe unamjua baba yangu, utanisemea."

Nikawaka! Nikavaa koti langu la kanisani. Njia nzima nilikuwa nawatukana wale wa upande wa pili, nikisema huyo aliyeandika nitamfahamu leo. Mke wangu alikuwa ananishika mkono wa koti, ananiambia taratibu, Baba Tumaini, presha.

Ofisi ya mtaa ilijaa. Watu wa vyama vyote viwili walikuwepo, wamesimama mpaka nje. Msimamizi alikuwa mama mmoja kijana, hana masihara. Alipofika jina la mke wangu akalisoma, mke wangu akasogea mbele, na mimi nikasogea naye.

"Anayepingwa ni huyu mama," akasema. "Mlalamikaji ni..." Akatazama karatasi, akanitazama mimi. Akasoma jina langu. Lote, mpaka la babu.

Halafu mmoja wa wale akasema kutoka dirishani, "Mzee, umemleta mwenyewe mpaka mlangoni? Karibu nyumbani, mukwai!" Hiyo mukwai ni salamu ya heshima ya Wazambia; watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Mahari ukadai Nakonde!"

Msimamizi akawanyamazisha. Akaniuliza kama sahihi ile ni yangu. Nikasema ni yangu.

"Na ulisoma majina kabla ya kusaini?"

Ndugu wasomaji, hapo ndipo penyewe. Mnaweza kusema nilidanganywa na Lusekelo, na ni kweli. Alijua kura ya mke wangu inakwenda wapi. Lakini pale mbele ya msimamizi nilikuwa na nafasi ya kumwokoa. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu: mimi sijui kusoma. Pingamizi lingeanguka palepale.

Nikamwona Lusekelo amesimama ukutani, anatabasamu. Nikawaona vijana wanaobeba magunia yangu. Nikaona miaka yote ile ya miwani...

"Nilisoma," nikasema. "Nilichosaini nimesaini."

Mke wangu aligeuka akanitazama. Yeye alijua. Kati ya watu wote mle ndani ni yeye tu aliyejua, na angeweza kusema: mama, huyu hajui hata a. Angejiokoa, na mimi ningestahili. Hakusema. Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Alipoona nimefunga mdomo, akamgeukia msimamizi.

"Mume wangu amesema," akamwambia. "Basi andika."

Jina likafutwa.

Siku ya kura alikuwa amekaa uani, majirani wanapita na vidole vyenye wino. Lusekelo alishinda kwa kura chache sana. Wale wakapiga kelele kwamba wameibiwa, sisi tukapiga kelele kwamba wao ndio wezi. Mimi sikupiga kelele.

Na mambo hayakuishia hapo. Mtu akishafutwa kwa sababu si raia, uhamiaji nao wanauliza. Wakamwita mke wangu, wakamtaka alete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha asili ya baba yake. Mwenyekiti ndiye Lusekelo. Nikaenda mwenyewe. Alinikuta nimekaa kwenye benchi lake tangu asubuhi.

"Mzee wangu," akasema, "nitaandikaje barua inayopingana na sahihi yako? Ulikagua mbele yangu. Uliguna kabisa."

Nilitamani kumkaba. Lakini alikuwa amesema kweli, mbwa yule.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mke wangu amefunga nguo zake kwenye kitenge. Sikuona chozi. Alisema anakwenda kwa kaka yake Nakonde, kwa kuwa huko hakuna aliyemwandikia karatasi. Nikapiga magoti, mimi mzee mzima, nikamwambia kesho nitasimama ofisini niseme sijui kusoma.

"Nani amekuuliza kesho?" akasema.

Nilikwenda nikasema, tena kwa sauti, na watu walicheka siku moja tu. Siku moja! Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa miaka thelathini na mitatu. Ila rufaa yake ilishapitwa na muda. Faili lake bado linazunguka uhamiaji. Kila mwezi navuka kwenda kumwona. Kaka yake ananipa kiti, yeye ananipa maji, ananiita "mzee", tunaongea habari ya mvua, halafu narudi.

Enyi mliopewa vyeo vidogo vya vyama, nawasihi. Mkiletewa orodha ya kuwafuta wenzenu, msisaini, hata kama mnajua kusoma. Wezi wako pande zote mbili, na wakishamaliza uchaguzi wao wanasalimiana. Jirani uliyemfuta hasalimii. Na wewe usiyejua kusoma, sema mapema, mbele ya watu, wakucheke waishe.

Leo nina maghala mawili, mashine moja ya kukoboa, fuso moja, ekari kumi na mbili Hasamba, na nyumba ya vyumba sita ninayokaa peke yangu. Nina kadi ya mpiga kura. Mke wangu hana.