Simu ya Jesca Haiwezi Kungoja

Je, umewahi kuongea na mama yako, sauti yake ikawa inakatikakatika kama redio yenye betri zilizochoka? Ndivyo ilivyokuwa kwa Jesca wa Myamba kila Jumamosi. Mama yake anafanya kazi Muskati, Omani, naye Jesca anaishi na bibi yake; huongea kwa intaneti ya maktaba ya kanisa. Jesca hukaa kwenye benchi la ukutani, sweta limefungwa vifungo vyote kwa baridi ya mlimani.

Jumamosi hii alikuwa na haraka. Jumatatu mama angethibitisha nafasi ya binti yake katika shule ya bweni huko Same, na Jesca alikuwa na neno la kusema.

"Mama, mimi si..."

"Nini? Siku..." Simu ikakatika.

Kwenye kona, Fredrick na wenzake watatu walikuwa wakitazama mpira, kila mmoja na simu yake.

"Jamani, punguzeni video!"

"Panda mlimani ukapige kelele, mama atakusikia hukohuko!" Fredrick akamjibu. Wakacheka.

Jesca akamwendea Mwalimu Vitus, msimamizi wa maktaba.

"Shikamoo, mwalimu. Video zao zinameza intaneti yote."

"Marahaba. Waliwahi kufika. Tena simu za sauti nitazifunga kabisa, hapa si mahali pa porojo."

Jesca hakuondoka.

"Hapana, mwalimu."

Vichwa vikageuka. Jesca akaendelea:

"Maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, yakipungua, Mzee Hezroni anayeyagawa huanza kumwagilia vitalu vya miche, eti kwa sababu mche haungoji kesho. Mwenye mahindi hanyimwi, hufunguliwa kidogo. Sauti inakula intaneti kidogo tu, ila haiwezi kungoja. Kwa nini ifungwe?"

Mwalimu Vitus akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Naye ana shamba la nyanya linalopata maji ya ndiva ile. Akafungua kompyuta, akapanga upya: sauti kwanza, masomo yafuate, video zipate kiasi.

"Mwalimu, picha ina ukungu, wachezaji hawana nyuso!" Fredrick akalalamika.

"Lakini si wanacheza?"

Kisha akamgeukia Jesca. "Nilikosea. Haki ni kumtazama kila mmoja anahitaji nini, na nani hawezi kusubiri. Umenibishia kwa heshima na kwa sababu. Usiache kufanya hivyo."

Simu ikaita. Sauti ya mama ikaja safi, kama yuko mlangoni.

"Haya mwanangu, ulikuwa unasemaje?"

Jesca akavuta pumzi.

"Mama, sitaki bweni. Nataka kubaki hapa na bibi."