Mafiga Yasiyopoa

Ilianza Jumanne, tarehe 8 Mei 1962, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Leonida alipoinama jikoni mwa watu waliohama, akagusa mafiga, akakuta yana joto.

Boma lile lilikuwa tupu tangu Januari. Masese, mchuuzi wa samaki kutoka kisiwa cha Mfangano, alikuwa ametajirika haraka pale, akazika watoto wake haraka vile vile, kisha akaondoka na mkewe bila hata kufunga mlango. Hakuna aliyelitaka boma hilo. Lakini mwaka ule ziwa lilipanda. Maji yalimeza gati la Kendu Bay, yakameza mashamba ya mtama, yakaingia uani kwa Leonida, na mwishowe yakafika jikoni na kuyafunika mafiga yake. Zadock, mumewe, karani wa gatini, akawahamishia mlimani, kwenye boma la Masese, Leonida na Mellen, binti yao wa miaka minne.

Leonida alijua desturi. Mke wa kule hawashi moto juu ya mafiga ya mke mwingine. Mama mkwe humletea mapya na kumwekea kwa mkono wake. Phelesia, mama yake Zadock, alikuwa ng'ambo ya barabara iliyokatwa na maji. Wangeweza kumsubiri. Wangeweza kula kwa jirani. Lakini mikono ya Leonida ilikuwa ikitetemeka.

Ilikuwa ikitetemeka tangu alipomzika mwanawe wa kiume, miaka miwili nyuma. Hofu ilikuwa imekaa chini ya titi lake la kushoto kama mfupa wa samaki uliopita njia isiyo yake. Sala haikuitoa. Usingizi nao haukuitoa. Kitu kimoja tu kiliituliza: kupika. Akikata vitunguu vyembamba, akisonga ugali mpaka ukaachana na sufuria, akigeuza samaki wa ngege kwenye mafuta bila kumvunja mkia, hofu ililegea na yeye akapumua kama watu wengine.

Kwa hiyo aliwasha. Vijiti viwili tu vilitosha.

"Umefanya nini leo?" Zadock aliuliza jioni, mdomo umejaa. "Mnavu huu hata mama hajawahi kuupika hivi."

"Nimeulaza kwenye maziwa, Baba Mellen. Kama siku zote."

"Siku zote ulikuwa unatunyima, basi. Hebu niongeze."

Walicheka. Mellen alikula sahani tatu, kisha akaomba ukoko.

Ijumaa, kabla jua halijazama, Leonida alipika chakula cha kesho yake na kuuzima moto, maana wao walikuwa Waadventista, na siku ya Sabato hawapiki. Waliporudi kutoka kanisani Jumamosi alasiri, aliweka kiganja juu ya figa moja. Alikiondoa upesi. Akamwaga maji. Mawe yakatoa mvuke, na ndani ya mvuke huo mlikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Hakumwambia mtu. Kama angesema, wangemkataza kupika hapo.

Juma la pili alianza kuisikia sauti. Ilikuja alfajiri kutoka jikoni: krr, krr, krr, mtu akikwangua ukoko ndani ya sufuria, taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. Alipokwenda kutazama alikuta sufuria safi kuliko alivyowahi kuisugua yeye.

"Ni yule mgeni," Mellen alimnong'oneza. "Ameniambia nimwachie."

"Mgeni gani?"

"Anayekaa katikati ya mawe. Mama, nina njaa."

Alikuwa ametoka kula. Alikula kila saa, na mifupa ya shingo yake ilikuwa imeanza kutokeza, na mikono yake ilikuwa imekuwa kama vijiti vya kuchochea moto, na Zadock naye alikuwa ametoboa mshipi wake mara mbili kwa msumari, na kadiri walivyokonda ndivyo Leonida alivyoogopa, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyokimbilia jikoni, akapika samaki juu ya maharagwe na maharagwe juu ya viazi, mpaka mikono itulie.

Barabara ilipofunguka, Phelesia alifika na mafiga matatu mapya ndani ya kikapu. Alimtazama mjukuu wake. Hakusalimu mtu. Akaingia jikoni, akatoka.

"Nani amekupa mawe yale?"

"Nimeyakuta, mama."

"Umeyakuta! Kama kuku aliyepotea?" Akamgeukia mwanawe. "Na wewe msomi, ulikuwa unakula tu?"

Zadock aliingia kuyang'oa. Walimsikia akipiga kelele mara moja. Alitoka ameshika mikono mbele yake, na ngozi ya viganja imebaki kwenye jiwe. Figa halikusogea.

"Nitamtuma mtu Migori," Phelesia akasema. "Kuna Mkuria mmoja, Gisiri."

"Mama, sisi ni watu wa Sabato. Mganga?"

"Ninyi ni watu wa Sabato. Na huyu mtoto ni wa nani?"

Gisiri alifika Ijumaa mchana, mwembamba, mkali, amevaa koti la jeshi. Phelesia alikuwa amempikia kuku uani, juu ya mafiga mapya.

"Sili hapa," akasema. "Hata maji sitaki."

"Mkuria akikataa kuku," Phelesia akanong'ona, "tumekwisha."

Gisiri hakucheka. Alichuchumaa mlangoni mwa jiko bila kuvuka kizingiti, akanusa, akatema mate.

"Masese alilileta kutoka pwani ili limpe mali. Akalilisha watoto wake, akachoka. Hili jini halina meno. Linakula kupitia tumbo la mtu. Kila kinachopikwa hapo, utamu ni wenu, shibe ni yake." Akamkazia Leonida macho. "Wewe ndiye umelipenda. Si uongo?"

Leonida alificha mikono ndani ya kanga.

"Sikiliza, mama. Usiku huu na kesho mchana kutwa, mpaka alfajiri ya Jumapili, moto usiwashwe hapo. Mawe yatapoa. Yakipoa nitayang'oa kwa mkono mmoja na kuyatupa ziwani. Mtoto atakula kutoka moto wa bibi yake. Lakini jini litakutafuta, maana wewe ndiye mpishi wake. Litakuja kwa njia unayoijua. Ukipika hapo, hata chai tu, litamaliza lilichoanza."

"Atavumilia," Zadock akasema. "Kesho ni Sabato. Hatupiki."

Usiku huo Mellen alikunywa uji wa bibi yake, kikombe kimoja tu, akashiba. Hawakuwa wamemwona akishiba kwa wiki tatu. Phelesia alilia. Asubuhi, mawe mawili yalikuwa baridi kama mawe ya njiani. Gisiri alikwenda kulala kwa jirani. Saa nane mchana Zadock na mama yake walitelemka kanisani kutoa shukrani, na Leonida akabaki na mtoto, aliyekuwa amelala mkekani, jasho zuri la nafuu usoni.

Alikaa karibu naye. Hakuwa na la kufanya kwa mikono.

Anapumua? Aliinama, akasikiliza. Alikuwa anapumua. Akakaa. Je, sasa? Akainama tena. Wazo lile lilikuwa lake, kwa sauti yake mwenyewe, sauti ileile iliyokuwa ikimwuliza maswali tangu alipomzika mwanawe, kwa hiyo hakushtuka, aliitikia tu kama alivyozoea, akainama na kukaa, akainama na kukaa, na sauti ikauliza kama anakumbuka jinsi yule mvulana alivyokuwa analala vizuri vilevile siku ya mwisho, na kama njia ya kanisani haijaingiwa na maji, na kama Zadock na mikono yake iliyofungwa vitambaa angeweza kuogelea, na mfupa chini ya titi ukageuka na kuchoma, na mikono ikaanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha viwiko, mpaka akamwangushia mtoto kikombe cha maji kifuani na mtoto akaguna, na sauti ikasema, unaona, mikono hii itamuua, itulize kwanza, itulize kidogo tu kwa ajili yake, chemsha maji, nani amesema maji ni chakula?

Figa la tatu lilikuwa na joto dogo, kama la mwili wa mtu aliyelala.

Aliweka kijiti kimoja. Akaweka sufuria. Maji yalipoanza kuimba alitia majani ya chai, kisha tangawizi, aliipondaponda vizuri, kisha maziwa, na mfupa ukalegea, na mikono ikatulia, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake akapumua mpaka mwisho wa pumzi. Ilikuwa raha. Hakuwahi kuijua raha kama ile. Alikunywa kikombe kizima akiwa amefumba macho.

Krr, krr, krr.

Haikutoka ndani ya sufuria. Ilitoka chumbani, mkekani, taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote.

Waliporudi kutoka kanisani walimkuta amemshika mtoto mapajani. Mwepesi kama kibuyu. Zadock alianguka kizingitini. Phelesia alimgeukia mkwewe.

"Uliwasha?"

"La, mama."

Phelesia alitaka kwenda kuyagusa mawe, lakini majirani walikwisha kusikia kilio na ua ukajaa. Gisiri peke yake alifika mlangoni mwa jiko. Alinusa. Akavaa koti lake, akashika njia ya Migori bila kudai ujira.

Asubuhi ya Jumapili waombolezaji walikuwa wengi, wengine kutoka Homa Bay, wamelala uani kwenye umande. Leonida aliamka kabla yao wote. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Aliingia jikoni, akatafuta sufuria kubwa kuliko zote, akaiweka juu ya mafiga yaleyale, akakoroga uji wa mtama, mlaini, bila donge hata moja, na alipomaliza akaugawa kwa kila mtu kwa mkono wake mwenyewe.

"Pole, nyathina, mwanangu," mama mmoja alimwambia, akilamba kikombe. "Uji mtamu huu. Sijui kwa nini sishibi."

Leonida alichukua kikombe chake, akamjazia tena mpaka juu, na hata tone moja halikumwagika.