Siku ya Shkodra Kabla ya Posa

— Mwanangu, sura yako mimi naijua. Wewe ni wa nani?

Etleva hata begi hakuwa ametua. Bibi Prena, mwenye chumba cha kupangisha, alisimama mlangoni akimkagua, mikono imejaa unga hadi viwikoni.

— Mgeni tu, Bibi. Nimetoka Gjirokastra, nimekuja kuuona mji.

— Peke yako?

— Peke yangu.

— Vizuri. Basi chukua baiskeli yangu. Shkodra haitembelewi kwa miguu, utatuaibisha.

Etleva akacheka, lakini moyoni alikuwa na lake. Jumapili wajomba wa Gjovalini wangekwenda kwa baba yake kuposa. Gjovalini alikuwa fundi baiskeli wa mji huu huu. Walijuana kwenye harusi Tirana, na mwaka mzima wakalilea penzi kwa simu. Alimpenda, hilo halikuwa na ubishi. Ila aliwahi kuchumbiwa katika mji wa Fier na mwanamume aitwaye Alket, na huko kila alikopita kulikuwa na mpeleka habari: muuza duka, kinyozi, hata mawifi. Jioni Alket alikuwa akiuliza, "Sokoni ulisimama na nani?" Mwisho akaivua pete.

Ndiyo maana alikuja Shkodra bila kumwambia Gjovalini. Alitaka kuona kama mwanamke anaweza kupita mji huu akapumua. Akiona hapana, jioni hiyo hiyo angempigia baba yake simu, posa ife.

Basi akapanda baiskeli, na mji ukamfungukia. Wazee wenye suti na kofia waliendesha taratibu, mwavuli mkono mmoja. Mtawa alipita na kapu la vitunguu. Wanawake wawili waliendesha bega kwa bega huku wakisengenya, wala hawakugusana hata kwa pindo la sketi. Kengele ya kanisa ilipotulia, adhana ikapokea. Huko mbele ngome ilikaa juu ya kilima, na mto Buna ukipita chini yake, kijani kama chupa. Etleva akajikuta anatabasamu peke yake.

Darajani mnyororo ukachomoka. Mzee mmoja akasimama bila kuitwa, akaegemeza mwavuli, akakunja mikono ya shati jeupe.

— Mzee, shati lako.

— Nitagombezwa nyumbani. Usijali, nimezoea.

— Huniulizi nimetoka wapi?

— Ukitaka kusema, utasema. Haya, panda.

Kwao Gjirokastra hata mbwa huuliza. Etleva akaendelea hadi ziwani, nje kidogo ya mji, akala samaki aliyeokwa kwa vitunguu, mama muuzaji akimwongezea mkate bila kuombwa. Simu ikalia. Ujumbe wa Gjovalini: "Umekula?"

Akajibu haraka: "Nimekula samaki."

Akajing'ata mdomo. Gjirokastra ni mawe matupu, samaki wa wapi?

Jibu likaja: "Kula vizuri." Basi. Hakuuliza chochote. Etleva akausoma tena ujumbe, akageuza baiskeli.

Aliporudi, Bibi Prena alimpokea na byrek ya moto, mkate wa tabaka wenye jibini ndani, naye mdomo ukamponyoka.

— Karibu, mkwe wetu.

— Nani kakwambia mimi mkwe?

— Ah. Picha yako ipo ukutani kwa Gjovalini, juu ya mipira ya magurudumu. Mji mzima tunazibiwa pancha chini ya macho yako.

— Naye anajua niko hapa?

— Tangu asubuhi. Nilimpigia hata kona hujaimaliza.

Etleva akapiga simu palepale.

— Umeniwekea watu, Gjovalini.

— Watu gani?

— Mzee wa darajani. Mama wa samaki. Wote macho yako.

— Mzee gani, Etleva? Mimi...

— Alket naye alianza hivi hivi.

Akakata, akaanza kukusanya nguo. Bibi Prena akaketi juu ya begi, mzima mzima.

— Shuka hapo, Bibi.

— Sishuki. Kosa ni la mdomo wangu, usimbebeshe yeye. Nilimpigia nikaanza, "Amechukua baiskeli yangu, anaelekea..." Akanikatiza. Akasema, "Bibi, usiniambie anakwenda wapi. Leo mji ni wake." Nikampigia tena mchana, hakupokea. Amejifungia dukani, watu wamesimama nje na magurudumu mikononi.

— Na yule mzee?

— Simjui. Mwanangu, hapa mtu aliyechomokwa na mnyororo ni kama mgonjwa. Nani atampita?

Etleva akatoka kwenda kujionea. Duka lilikuwa limefungwa kweli, baiskeli zimeegemea ukuta, mteja mmoja akinung'unika, fundi huyu ataoa lini apate akili. Akagonga.

— Leo sitoki, ilijibu sauti ndani.

— Hata kwangu mimi?

Komeo likavutwa. Gjovalini alikuwa na grisi hadi shavuni, nywele timutimu, mkate wake wa mchana haujaguswa.

— Umeuonaje mji?

— Mzuri kuliko mwenyeji wake.

— Hilo wote wanasema.

— Kwa nini hukuja hata kuchungulia?

— Nilitaka. Nikashika komeo mara ngapi sijui. Lakini ulikuja kuuona mji. Ningetokea, ungeniona mimi tu, nawe usingejua ulichotaka kukijua.

Etleva akamtupia kitambaa. Hasira ilikuwa imeyeyuka, na chini yake ikabaki heshima.

— Nawa mikono, vaa shati safi. Ni saa ya matembezi.

— Unajua ukitembea na mtu jioni hapa barabarani, kesho wanauliza harusi lini?

— Kwetu hawangoji kesho.

Wakatoka. Barabara ilikuwa imejaa, taa zimewaka, watu wamevaa, wengine wanakwenda, wengine wanarudi. Waliowaona wakawasalimu kwa kichwa na kuwapisha. Etleva alitembea katikati kabisa, bila haraka, akiangalia madirisha ya kijani na maua yake.

— Gjovalini.

— Naam.

— Waambie wajomba gari waliache chini, njia ya kwetu ni mawe na mwinuko. Na wasile njiani. Mama akipika, asiyemaliza sahani hapewi binti.