Roho ya Kuazima

Mimi sina ugomvi na wachamungu. Ugomvi wangu ni na watu wazima wanaofunga kutwa nzima, halafu wanasahau kurudi nyumbani kula.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi, siku yao ya kufunga. Jua likizama, nilifunga mkate na mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa, nikateremka makaburini, chini ya mji wetu wa Safed, kumtafuta mume wangu Nissim. Mwalimu wake, Rabi Shemtov, alimfundisha hivi: ukitaka roho yako ipande juu, lala kifudifudi juu ya kaburi la mwadilifu, uite jina lake moyoni. Roho yake itakuingia, ikusukume daraja moja juu. Ikishamaliza kazi iliyoiacha duniani, itaondoka zake.

"Na isipoondoka?" nilimuuliza asubuhi.

"Reina, wewe nawe! Nani anamkatalia mgeni mwema?"

Mpole, Nissim wangu. Tangu anioe hajawahi kunipandishia sauti. Baada ya yule niliyemzika kabla yake, nilijiona nimetoka jehanamu nikiwa hai.

Makaburi ya kule yote yamepakwa rangi ya samawati, na mvua zimekula maandishi. Nilimwona amelala kifudifudi, mikono ameitandaza. Nikaanza kumfokea toka mbali. Kisha nikaona amelalia kaburi gani.

Siyo la mwadilifu.

Lilikuwa la pembeni yake. La Hananel, mtia rangi sufu. Mume wangu wa kwanza.

"Nissim," nikanong'ona. "Inuka. Umekosea kaburi."



Harufu ikanifikia... harufu ya pipa la rangi, ya mikojo iliyochacha ya kulowekea sufu, ile aliyokuwa akirudi nayo Hananel kila jioni. Nissim anafundisha watoto kusoma. Hajawahi kugusa pipa.

Akainuka taratibu. Akaninyang'anya mkate, akatafuna hapo hapo, hajanawa, hajamshukuru Mungu.

"Umechelewa, kichwa maji."

Hilo ndilo jina alilokuwa akiniita Hananel chumbani. Sikuwahi kumwambia mtu.

Asubuhi nilikwenda kwa Rabi Shemtov.

"Mama, mumeo nimemwona kwenye sala," akasema kwa furaha. "Macho yanawaka. Amepanda huyo."

"Aliyemwingia ni Hananel."

Furaha ikamtoka usoni. "Huyo Hananel aliacha kazi gani? Alikufa akiwa anafanya nini?"

"Akinipiga, Rabi. Alikuwa ameinua mkono, akadondoka."

Akaniomba radhi, akafunga mlango wake. Nikasikia komeo... Mwalimu mzima, ananifungia mlango! Nilimlaani pale pale barabarani, na bado namlaani.

Sasa kila jioni ni vilevile. Anaingia, harufu inamtangulia. Ananisogelea. Mkono wa kulia unainuka.

Wa kushoto unaudaka.

Mikono inavutana hapo mbele ya uso wangu, mifupa inalia, jasho linamtiririka. Kisha midomo inatikisika, na sauti ya Nissim inatoka kwa mbali.

"Reina... ondoka. Nachoka."

Siondoki. Nikiondoka, nani atabaki naye humo ndani? Namfuta jasho, namwita jina lake, naliita tena, mpaka mikono yote miwili inalegea.

Jana wa kushoto ulichelewa. Nina jino moja pungufu.

Leo jua limeshazama, na kuna mtu anavua viatu mlangoni.